Amplifaya ndogo ya valvu kwa sebene, kanisa na roki: wati ngapi, na umeme wa wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya rumba hapa Mwanza, Ijumaa na Jumamosi hotelini, Jumapili kanisani. Gitaa langu ni la aina ya Stratocaster. Natafuta amplifaya moja ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ninayoweza kuipakia kwenye bajaji, itoe sauti safi ya rumba, ukali kidogo wa bluzi, na siku nyingine roki. Nimeona za wati 5, 15 na 20. Shemeji yangu anakuja likizo kutoka Marekani, amesema nimchagulie atanibebea. Nichukue ipi? Na umeme wetu hautaiunguza?

JIBU: Kaka, wati 5 zifute kwenye orodha leo. Ni amplifaya tamu za chumbani na studio, lakini mbele ya mpiga dramu anayetumia fimbo zitakuwa zimeshaanza kukwaruza kabla hujasikika.

Wengi wanaotafuta amplifaya ya sauti nyingi huhesabu chaneli na nobu. Kwa mpiga solo wa rumba hesabu hiyo inapotosha. Noti zako zinatakiwa ziwe kali, fupi na safi, hata unapopiga nyuzi mbili kwa pamoja. Ukali wa bluzi au roki unaweza kuuongeza kwa pedali moja ya ovadraivu. Usafi hauna pedali. Amplifaya ikiishiwa nguvu, imeishiwa, na utaligundua hilo pabaya kabisa: kwenye sebene. Wimbo unapoanza, mwimbaji yuko mbele na kila mtu anapiga kwa adabu, kila kitu kiko sawa. Sebene likiingia, dramu na besi vinapanda, nawe unaongeza volumu, na ile sauti iliyokuwa inang'aa inageuka kuwa kama ya redio yenye betri kuukuu. Kwa hiyo unaponunua, nunua usafi wa kwenye sebene. Mengine yatafuata.

Sasa wati. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini si kubwa. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji nguvu kama mara kumi. Kutoka 15 kwenda 20 ni kidogo zaidi ya desibeli 1, usilipie pesa nyingi kwa hilo pekee. Kutoka 5 kwenda 20 ni desibeli 6, na hapo ndipo penye tofauti kati ya kusikika na kumezwa. Spika nayo ni wati zilizojificha. Spika yenye unyeti wa desibeli 100 ikichukua nafasi ya yenye 97, ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, bila kugusa valvu hata moja. Ukinunua ya wati 15 ukaiona inapwaya, badili spika kwanza, ya ukubwa uleule na ohm zilezile.

Kuhusu valvu za nguvu, zile kubwa za mwisho: jozi ya EL84 hutoa kama wati 15, katikati kuna mlio unaosukuma, na huanza kukwaruza mapema. Jozi ya 6V6 hutoa kati ya wati 12 na 22 kutegemea saketi, ni laini zaidi, na kwenye saketi za Fender juu pana king'aro ambacho masikio ya rumba yamekizoea. EL34 ndiyo sauti ya Marshall, kavu na yenye kifua. Valvu ndogo za mwanzo karibu zote ni 12AX7, ambayo Ulaya huiita ECC83. Ni valvu ileile, usidanganywe kuwa ni mbili.

Kwa kazi yako ningekuchagulia Fender '65 Deluxe Reverb: wati 22, 6V6 mbili, spika ya inchi 12, rivabu (mwangwi) ya springi na tremolo (sauti inayopanda na kushuka), uzito kama kilo 19. Haina nobu ya midi wala volumu ya masta, na usizihofie. Kwenye chaneli ya vibrato kuna kapasita ndogo inayopitisha sauti za juu, ndiyo maana volumu ikiwa chini inatoboa masikio na ikipanda inatulia. Pedali ya ukali ukiiona inatoa mlio mwembamba huko, ihamishie chaneli ya normal, japo rivabu utaikosa. Kwa Stratocaster, volumu ikikaribia 5 au 6 huanza kuvunjika kidogo kidogo, na huo ndio ukali wako wa bluzi bila pedali yoyote. Punguza volumu ya gitaa hadi 6 au 5, sauti inarudi safi.

Pesa isipofika huko, au roki ikiwa ni kazi ya kila wiki, chukua Marshall DSL20CR. Ina EL34 mbili, chaneli mbili, lupu ya efekti (tundu za kuunga pedali katikati ya saketi), na swichi ya kushusha kutoka wati 20 hadi 10, kwa kilo kama 16. Usafi wake si wa Fender, lakini unatosha ukiweka geini ya chaneli ya kwanza chini na volumu juu. Kasoro ya kuijua mapema ni kwamba trebo, midi na besi ni za chaneli zote mbili kwa pamoja. Ukizipanga kwa rumba, roki itatoka nyembamba. Ukizipanga kwa roki, rumba itakuwa na besi nyingi. Itabidi upate mahali pa katikati na upazoee.

Fender Blues Junior, wati 15 za EL84, inapendwa kwa wepesi wake na inafaa sana kanisani ambako maiki inawekwa mbele ya spika na mikisa inafanya kazi ya kusambaza. Hotelini bila maiki itakukwarulia kwenye sebene. Vox AC15C1 ni nzuri kwelikweli kwa arpejio na kodi (chords) za kusindikiza, ila ina kilo 22. Bajaji itaibeba, mgongo wako je? Halafu mashirika mengi ya ndege yana kikomo cha kilo 23 kwa mzigo mmoja. Ukiongeza boksi na sponji, Vox imeshapita. Deluxe Reverb inaingia kwa shida.

Hapo ndipo tunapofika kwenye umeme, na hapa nenda polepole. Amplifaya inayouzwa Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Soketi yako Mwanza ni volti 230, hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja, bahati nzuri ni fyuzi kukatika. Bahati mbaya ni nyuzi za ndani za valvu, zile za kuipasha joto, zinazotakiwa kupata volti 6.3, kupata kama 12, huku kapasita za pawa zikipewa volti ambazo hazikuumbiwa. Usitegemee swichi ya kubadili volti. Amplifaya nyingi za gitaa hazina. Soma kibandiko cha nyuma, na umwombe shemeji akupigie picha yake kabla hajalipa.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipendelea, ni kununua toleo la volti 230 kutoka Uingereza, au la soko la Oman na Dubai. Plagi zao za pini tatu bapa ni hizihizi zetu, unachomeka na kupiga. Ya pili ni kumpokea shemeji na kutumia transfoma ya kushusha umeme. Ukichagua hiyo, mambo manne yasikupite:

Ukubwa. Kibandiko kikisema wati 180, chukua transfoma ya VA 500 (VA ni kipimo cha uwezo, karibu sawa na wati), kwa sababu namba zinazoandikwa kwenye zile za bei rahisi huwa zimetiwa chumvi.

Uwiano. Iwe ya 2 kwa 1, yaani 230 itoke 115. Hiyo ndiyo nzuri kwako, kwani transfoma ya amplifaya yenyewe, iliyotengenezwa kwa hezi 60, ikipewa hezi 50 hupata joto zaidi, na volti 115 badala ya 120 zinaipunguzia mzigo. Baada ya saa moja iguse kwa mkono: kuwa ya moto ni sawa, ila ikiwa huwezi kuuweka mkono hapo kwa sekunde tano, zima.

Ethi. Hili ndilo linaloua watu. Transfoma nyingi za madukani zina tundu mbili tu upande wa kutokea, waya wa ethi unakatikia hapo. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na bodi ya amplifaya. Amplifaya ikivuja na ethi haipo, siku midomo yako itakapogusa maiki ya mikisa iliyo na ethi, umeme utapita kwako. Chukua mita, iweke kwenye ohm, pima kutoka pini ndefu ya plagi ya transfoma (ikiwa haijachomekwa) hadi bodi ya amplifaya. Isome chini ya ohm 1. Isiposoma hivyo, mpe fundi umeme aunge waya huo.

Utulivu. Valvu huvumilia karibu asilimia 10 juu au chini, yaani volti 207 hadi 253 kwenye soketi. Jenereta ya hoteli hutoka nje ya hapo mara nyingi. Weka stabilaiza kwanza, kisha transfoma, kisha amplifaya. Inveta ya wimbi la mraba achana nayo. Transfoma italia kama nyuki na kuchemka. Ukilazimika, iwe ya wimbi safi.

Ukiipata mkononi, mpya au ya mtumba, ijaribu hivi. Washa, na kama ina swichi ya stendibai ngoja dakika moja kabla ya kuifungua. Nobu zote ziwe sifuri, usichomeke gitaa, sikiliza mngurumo. Gitaa lako, bila kulichomeka, litakuambia ugonjwa: piga uzi mnene wa sita, kidole kwenye freti ya tatu. Hiyo ni G ya hezi 98. Mngurumo ukikaribiana na noti hiyo ni wa hezi 100, na mara nyingi unatoka kwenye kapasita za pawa zilizochoka au valvu mbili za nguvu zisizolingana. Ukiwa oktavu moja chini yake ni hezi 50, basi tafuta kwenye ethi, kebo, au waya za nyuzi za valvu. Baada ya hapo pandisha volumu kidogo, kisha gonga valvu ndogo ya kwanza, iliyo karibu na tundu la gitaa, kwa kitako cha penseli. Tik ndogo ni kawaida. Ikilia kama kengele au kupiga filimbi, ibadilishe. Mwisho piga noti za chini kwa nguvu usikie kama kuna kinachotetemeka ndani ya boksi, kisha rudia mzunguko wako wa sebene kwa dakika tano kwa volumu ya kazini, si ya dukani.

Angalia pia rangi. Mng'ao wa bluu kwenye kioo cha valvu kubwa si tatizo. Lile bati la ndani likianza kuwa jekundu kama mkaa, zima hapohapo. Bayasi (volti inayodhibiti mkondo wa valvu) imepotea au kuna kapasita inayovuja, na ukiiacha itaondoka na transfoma ya kutolea, ile inayopeleka sauti kwenye spika.

Transfoma hiyo hiyo ndiyo inayoungua mtu akiwasha amplifaya ya valvu bila spika. Usifanye hivyo hata kwa dakika moja. Na ukiunga spika ya nje, tumia kebo ya spika, si ya gitaa, hata kama plagi zinafanana.

Mpangilio wa kuanzia kwa rumba: trebo 6, besi 3, rivabu 2, pikapu ya katikati na ya nyuma kwa pamoja, pedali ya kompresa nyepesi mbele. Iweke amplifaya juu ya kiti ielekee sikio lako badala ya shavu la mguu. Wengi wanaolalamika kuwa haina nguvu wanaisikia kwa magoti. Kwa roki, ovadraivu yenye draivu 3 na levo 7 itaisukuma hatua ya kwanza vizuri kuliko draivu 9. Chaneli ya ukali ya Marshall ukiiona kali mno, toa 12AX7 ya kwanza uweke 5751, ambayo ukuzaji wake ni 70 badala ya 100. Inaingia moja kwa moja, bila kubadili waya.

Mwambie shemeji aweke kwenye begi la mkononi jozi moja ya valvu za nguvu zilizolinganishwa, 12AX7 moja, na fyuzi tatu za thamani iliyoandikwa nyuma, zenye herufi T. Valvu ndogo utabadilisha mwenyewe: zima, chomoa plagi, ngoja zipoe, ng'oa kwa kuyumbisha taratibu. Za nguvu kwenye Deluxe Reverb mpe fundi apime bayasi. Ndani ya bodi usiingize mkono hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake hushika zaidi ya volti 400 kwa muda baada ya umeme kutoka.