Nyinyi vijana wa grisi, hebu kaeni hapa kidogo

Leo kijana wetu mpya kaambiwa breki za gari la mteja zinalia, kachukua WD-40, ile dawa ya kopo ya kupuliza, kapuliza diski zote mbele, kaja kwangu anacheka ati "mzee, kelele imeisha." Kweli imeisha, na breki nayo imeisha. Pedi zote zimetupwa, diski zimeoshwa upya, na kwa vile kila kundi la wanafunzi wa atachmenti haliji hapa bila mtu wa kufanya hivi, naandika mara moja nipumzike.

1. Jua kipi chatakiwa kiteleze na kipi chatakiwa kishike. Beringi, kebo, bawaba, viteleze. Diski, dramu, shuu (zile zinazobana dramu kwa ndani), klachi, pedali, vishike. Ukipuliza kimoja ziba chenzake na gazeti.

2. WD-40 si grisi jamani. Ilitengenezwa Marekani 1953 kwa kufukuza maji na kuzuia kutu. Kulegeza nati iliyokamatwa na chumvi ya bahari ni sawa, na Mombasa hii nati gani haina chumvi, lakini ukiipuliza kwenye beringi ukaenda zako umeosha grisi iliyokuwepo na hujaweka nyingine.

3. Grisi nyingi si mapenzi. Hapa nitakaa.

Nilipokuwa mpya nilipewa tuktuk, gurudumu la mbele linavuma, beringi zimekauka. Nikazitoa nikaziosha na petroli nikazikausha, nikaisukuma grisi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili, mpaka hapo sina kosa. Sasa shetani akaniambia ongeza. Nikajaza habu yote, yaani kitovu cha gurudumu, pomoni, maana niliona sifa, huyu mteja hatarudi hapa mwaka mzima. Na ile sili, mpira wa kuzuia grisi isitoke, ilikuwa imechanika mdomo, niliiona kabisa kwa macho yangu, nikairudisha vivyo hivyo kwa sababu duka la spea ni mbali na jua lawaka. Beringi ikijazwa hivyo haitelezi, inakoroga grisi, inakoroga mpaka inapata moto, grisi inalainika inatafuta pa kutokea. Pa kutokea ni pale kwenye mpasuko wa sili, na nyuma ya sili kuna nini? Dramu na shuu za breki!

Mwenyewe alikuwa mtu wa Likoni. Jioni anashuka mteremko wa feri, abiria watatu nyuma, umati munaujua wenyewe, akakanyaga breki, ya mbele hakuna kitu. Za nyuma zikajitahidi lakini akaishia kwenye mkokoteni wa maembe. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, ila maembe yalibiringika mpaka majini na mimi ndo niliyeyalipa.

Na bado sikusoma. Badala ya kubadilisha shuu nikaziosha na petroli, nikazipiga msasa, zikapendeza utadhani mpya, nikafunga. Kumbe ule uso wa shuu hunywa mafuta, na ukipata moto huyatema tena. Bosi akaitoa barabarani kuijaribu mwenyewe, akarudi kimya, akazifungua, akazivunja kwa nyundo mbele yangu nisizirudishe mara ya tatu. Bei ya mpya akaikata kwenye mshahara wangu. Ndo akanionyesha: grisi ijae katikati ya gololi, halafu nafasi iliyobaki ndani ya habu uitie theluthi, ikizidi sana nusu. Na sili mpya, hata jua liwake vipi.

4. Usichanganye grisi. Ya lithiamu ikikutana na aina nyingine yaweza kuwa uji ikakimbia yote. Osha ya zamani kwanza.

5. Silikoni ya kung'arisha dashibodi ibaki kwenye dashibodi. Si pedali, si usukani, si siti ya bodaboda, tuna mteja alishika breki akajikuta kakalia tangi. Na usiipulize karibu na watu wa rangi, ikigusa bodi rangi inajikunja inaacha vishimo, utatukanwa mpaka babu yako.

6. Kufuli ya geti haitaki oili, oili inakamata vumbi. Saga ile nyeusi ya ndani ya penseli, ni grafaiti, ipulize kwenye tundu.

7. Tepu nyeupe ya mafundi wa bomba ni Teflon, ile ile ya kikaango kisichogandisha, Roy Plunkett aliipata kwa bahati 1938 akitafuta gesi ya friji. Izungushe kufuata nati inavyofunga, na usiitie kwenye bomba za breki, vipande vikikatika vinaziba. Kikaango chake nacho hakiachwi kitupu motoni, wala hakisuguliwi na brashi ya waya. Hili la brashi nalisema kwa sababu yule yule wa WD-40 aliazima cha mama wa chai akakirudisha king'aa chuma kitupu, anaona kakisafisha, na tangu siku hiyo gereji nzima hatukopeshwi hata kikombe.