Julai ya Majini na Mapenzi

Julai yote nimesoma riwaya za aina mbili tu: za mapenzi, na zile za majini, wafalme na nchi za kufikirika. Nimemaliza saba, nne nimeziacha njiani. Naandika haya kwa ajili yako unayetamani kurudi kwenye vitabu lakini unaona haya kuanza na hadithi za namna hiyo, kwa kuwa uliambiwa ni za wasichana wa sekondari. Anza nazo. Ila nenda na swali moja mkononi, nitakueleza nililipata wapi.

Dodoma mwezi huo inakusaidia. Mchana upepo unavuma mpaka vumbi linaingia kwenye sufuria iliyofunikwa, na jua likizama baridi inakufukuza kibarazani mapema. Naishi Nkuhungu, kazi iko Mtumba, kwa hiyo asubuhi na jioni nina safari ya kutosha sura nzima, nikipata siti. Nikikosa siti nasikiliza abiria wanavyosimuliana, na hiyo nayo ni riwaya.

Nilianza na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Ni chembamba, na nawashauri wote waliokaa muda mrefu bila kusoma waanze na kitabu chembamba, maana kumaliza kunatia hamu kuliko kuanza. Adili ni liwali wa Janibu. Ana manyani wawili, na kila usiku lazima awachape. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, waliomtendea uovu mkubwa, wakageuzwa kwa nguvu za majini. Nilipokuwa mdogo nilipenda pale watu wanapogeuka wanyama. Safari hii ulinishika ule mjeledi. Kugeuzwa ni mara moja, lakini kuchapa ni kila usiku, na anayechapa ni ndugu. Nilikifunga kitabu nikakaa kimya kitandani, nikiufikiria mkono wake tu.

Hapo ndipo nilipopata swali langu: nani analipa? Uchawi ukifanyika, nani analipa? Mtu akipenda, analipa nini?

Zile nne nilizoziacha zote ziliangukia hapo. Moja ina kijana mwenye pete. Akiisugua anapata mali, akiisugua tena adui anaanguka. Nilipofika ukurasa wa arobaini sikuwa na hofu yoyote kwa ajili yake, na hadithi isiyokutia hofu haina sababu ya kukukesha. Nyingine ni ya mapenzi, ya zile zinazotumwa sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp. Unasoma bure mpaka sehemu ya ishirini, halafu unalipia buku upate mwisho. Nikalipia. Wapenzi wale walinuniana sehemu sita nzima kwa jambo ambalo lingekwisha kwa kuulizana swali moja. Lakini nisieleweke vibaya, waandishi hawa nawaheshimu. Wanaandika kwa simu, kila siku, huku wasomaji wakidai sehemu inayofuata usiku wa manane, na baadhi yao wanajua watu wanavyozungumza kuliko wengi waliochapwa vitabuni.

Ukitaka kuona tofauti, soma Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin anaozwa akiwa msichana mdogo kwa mwenye duka aliyemzidi umri mno. Anapotoroka, ndugu zake wanamfungia mlango. Halafu anampenda Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza Zanzibar, anayewindwa na polisi. Kinachowatenganisha hakiwezi kumalizwa kwa kuulizana swali. Ni serikali, ni rangi, ni jamaa. Kila siku ya penzi lao ina gharama unayoiona, ndiyo maana unalisadiki.

Sasa niseme yaliyonikuta, maana hapa ndipo penye ushauri wenyewe. Wiki ya tatu nilisoma riwaya nne za mapenzi mfululizo, nikaanza kumnunia baba watoto. Wanaume wa vitabuni wanasema maneno matamu, yeye anasema "umefunga geti?" Nilikuwa nampima kwa kipimo ambacho hajui kama kipo.

Usiku mmoja, kama saa tisa, nikashtuka. Bomba lilikuwa linakohoa. Kwetu maji ni ya mgao, yakitoka yanatoka usiku. Nikachungulia dirishani nikamwona uani, koti limefungwa mpaka shingoni, tochi kaibana kwa meno, anainama kubadilisha madumu. Nikayahesabu: tisa, ya lita ishirini ishirini, na pipa la bluu. Tangu tuhamie nyumba hii naamka nakuta maji yamejaa, wala sijawahi kuuliza yanajazwaje. Nikajifunga khanga ya pili nikatoka, nikamtoa tochi mdomoni, nikammulikia. Hakusema kitu. Akasogea kidogo ili nami nijikinge upepo ukutani.

Kwa hiyo nakushauri usisome za mapenzi zaidi ya mbili mfululizo. Ya tatu iwe ya majini, uchanganye. Na ukiona unaanza kumpima mtu wa nyumbani kwa mtu wa kitabuni, mwite umsomee. Mimi nilirudi kwenye Adili, nikaanza kumsomea mwenzangu kwa sauti baada ya chakula cha usiku. Mgogo huyu, ambaye sijawahi kumwona na riwaya mkononi, alisikiliza kurasa tatu, kisha akanisimamisha na kunisimulia zimwi la bibi yake lililokaa ndani ya mbuyu, hadithi ambayo katika miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi kuisikia. Alipomaliza akasema, "Haya, rudi pale kwa manyani."

Jumapili usiku maji yalitoka tena. Safari hii aliniamsha.

"Amka, yametoka. Njoo na kitabu."

Nikakaa juu ya ndoo niliyoifudikiza, tochi ya simu juu ya ukurasa, yeye ameshika mpira wa maji. Dumu moja linajaa kwa kurasa mbili.