Mhusika wako anza kumtafuta kwenye chukudu, Goku tayari ana mwenyewe

Wadogo zangu mnaoniletea makaye ya michoro, nisikieni kidogo. Karibu kila kaye nikifungua ni Goku, yule wa katuni ya Kijapani Dragon Ball. Mkono muzuri kabisa, mistari safi, lakini yule ni mtoto wa Akira Toriyama, mchoraji aliyemtunga. Kukopia si mbaya, mkono unajifunza hivyo, ila kopia huku unajiuliza kwa nini kachorwa vile. Zile nywele za Goku kugeuka manjano, Toriyama mwenyewe alieleza ni ju ya kupunguza kazi, nywele nyeusi zilikuwa zinamkulia msaidizi wake muda kuzijaza wino, zikiwa manjano kwenye karatasi unaziacha nyeupe tu basi. Na Mickey, yule panya wa Disney wa 1928, ageuze kichwa namna gani masikio yanabaki miviringo miwili. Ukikopia bila kuona mambo kama hayo umebeba nguo tu, mtu umemwacha.

Sasa wako atatoka wapi? Toka nje. Nenda pale rompwe ya Chukudu, hapa Goma, watu wanapiga picha na ile sanamu ya rangi ya dhahabu, wewe angalia chukudu yenyewe, ile baisikeli ya mbao ya kubebea mizigo, yenye inapita chini yake. Kijana goti moja liko juu ya kile kipande cha mpira, mguu mwingine unapiga barabara, mbele yake magunia ya makaa yamepangwa mpaka kichwa hakionekani vizuri. Kwenye kupanda mlima anatoka juu yake, anasukuma, mikono imenyooka, mgongo umelala. Hapo usichore uso kwanza! Chora mzigo kama boksi kubwa, mgongo mstari mmoja wa kupinda, kichwa kiduara kidogo. Halafu ujaze yote bik nyeusi, umuonyeshe mtu wa nyumbani. Akisema "huyu wa chukudu" mara moja, umbo linafanya kazi. Akisema "kijana fulani", ongeza boksi, punguza miguu, rudia.

Umbo peke yake halitoshi lakini. Mpe kitu kimoja anachotaka na kimoja anachoogopa. Wangu anaogopa miteremko, na huyu ni mtu wa chukudu, kwa hiyo kila siku tayari iko na shida, mi sitafuti hadithi, inakuja yenyewe. Wengi wanaanza na nguvu za ajabu, moto mu mikono, mabawa, halafu ukiuliza anaamka asubuhi kufanya nini, kimya.

Ukishampata, kaye ya karoo njo rafiki yako. Mtu mzima wa kweli ni kama vichwa saba na nusu kwa urefu, wa katuni anaweza kuwa vitatu, chagua, halafu umchore mbele, ubavu na mgongo juu ya mistari ileile ili goti lisipande na kushuka kila ukurasa. Mikono, najua, wote mnaificha mu mifuko. Vidole vitatu na gumba vinatosha, katuni nyingi za zamani zilifanya hivyo na hakuna mtu aliyelalamika.

Kuhusu moyo wa kuendelea, mi siamini sana mambo ya kungoja inspirasio, wala kungoja tableti. Umeme unakatika, telefone inazima, bik haizimi. Na bik haifutiki, ndiyo uzuri wake, mchoro ukiharibika unaanza mwingine pembeni badala ya kusugua na gome mpaka karatasi inatoboka. Chora kiboksi kidogo tu kama cha kiberiti, mhusika wako na shida moja ya leo: mvua imemkuta Birere, motari hana chenji, bidoni imepasuka njiani. Siku umechoka chora mgongo wake tu, inahesabika. Weka tarehe kila ukurasa. Na ukimuonyesha mtu usiulize "ni muzuri?" ju atakuambia ndiyo akurudishe nyumbani, uliza "hapa kunafanyika nini?" na usimsaidie kujibu, hata akikosea kabisa, hapo njo unaona mchoro haujasema nini.

Mama akisema michoro haileti unga, usibishane naye, zile alama za saluni na za wauza simu kuna mtu anazipaka rangi na analipwa.

Na ukimchoka mhusika wako, mwache kidogo, chora mama yake. Anza na yeye amesimama mlangoni anauliza pesa ya makaa iko wapi.