Seva imerudi nyuma saa moja na hakuna aliyeigusa

Ikifika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ulaya inarudisha saa zake nyuma, na simu yangu hapa Dodoma inaanza kuita. Nchi yetu haisogezi saa, lakini baadhi ya seva zetu zinasogea. Nimechagua maswali matano.

Mhasibu wa saccos, Kibaigwa: *Shikamoo fundi. Seva yetu ilifungwa na fundi mwezi wa saba, ikiwa mpya, na saa ilikuwa sawasawa. Jumatatu tumefungua ofisi, saa mbili na robo risiti ya kwanza ikatoka imeandikwa 07:15. Nikiirekebisha kwa mkono, kesho yake naikuta imerudi palepale. Naapa hakuna aliyegusa kitu.*

Marahaba. Nakuamini. Kosa lenu lilifanyika mwezi wa saba, siku ileile seva ilipofungwa, likakaa kimya likisubiri Oktoba.

Angalia ukubwa wake: ni saa moja kamili, si dakika saba wala ishirini. Saa mbovu huchelewa kidogo kidogo. Seva inayoruka saa nzima kwa usiku mmoja haina saa mbovu. Imeambiwa iko mji mwingine. Nabashiri aliyeifunga alichagua Athens au Helsinki. Miji hiyo iko saa 2 mbele ya UTC, ile saa ya pamoja ambayo dunia nzima hujipima nayo, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi husogeza saa kwa ajili ya majira ya joto ikawa saa 3 mbele, sawa kabisa na sisi. Fundi akatazama simu yake, akatazama kioo, akaona zinalingana, akachukua hela yake akaondoka. Hata mimi yamewahi kunikuta, miaka ile naanza kazi, na mteja alinipigia Jumapili nikiwa kanisani.

Fungua dirisha la amri, andika `tzutil /g`. Ikijibu GTB Standard Time, ndiyo Athens hiyo. Inayotakiwa ni E. Africa Standard Time, ambayo kwenye orodha ya Windows imeandikwa UTC+03:00 Nairobi. Usihangaike kuitafuta Dar es Salaam, hapo haipo. Subiri jioni mkishafunga hesabu, chukua bekapu, zima programu ya uhasibu. Kisha andika `tzutil /s "E. Africa Standard Time"`, halafu `w32tm /resync`, ndipo uiwashe programu. Usiache kuizima na kuiwasha, maana nyingi husoma ukanda wa saa, yaani saa za mji gani zifuatwe, mara moja tu zinapowaka.

Kwa nini marekebisho ya mkono hayadumu? Seva inaulizia saa kwenye intaneti, na jibu linalorudi ni UTC tupu, halina habari ya mji wowote. Wewe unasogeza, yenyewe inarudisha. Wengine hukimbilia kuzima ile swichi ya kusogeza saa kwa majira. Ukiizima ukiwa bado Athens utakaa nyuma saa moja mwaka mzima. Ukiwa Nairobi, swichi hiyo huwa imefifia, haibonyezeki. Ukiiona hivyo umefika.

Risiti zilizokwishatoka zisifutwe wala kuchapwa upya. Andikeni maelezo ya ukurasa mmoja: kosa lilianza Jumapili saa 10 alfajiri kwa saa zetu, likaisha siku fulani saa fulani. Mkaguzi aikute karatasi hiyo kwenye faili.

Fundi chipukizi, Area C: *Kaka, kwenye Linux nimetafuta Dodoma sijaiona, nikachagua Etc/GMT+3 kwa kuwa sisi ni saa tatu mbele. Saa nane mchana seva ikaandika 08:00. Mwenzangu anasema imejifunza Kiswahili. Tuiache?*

Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Msiiache.

Kwenye majina yanayoanza na Etc, alama zimegeuzwa: GMT+3 ni nyuma ya UTC kwa saa tatu, na GMT-3 ndiyo mbele. Ni mazoea ya zamani ya mifumo ya Unix, hayabadiliki leo. Wewe ulitaka tatu mbele ukapata tatu nyuma, jumla sita, na sita ndiyo tofauti kati ya saa ya Kizungu na tunavyohesabu sisi tangu jua kuchomoza. Ndiyo maana kosa lako linaonekana kama ukweli. Mtu akisoma 08:00 anasema saa nane, anageuka anaendelea na chai. Lakini subiri usiku: bekapu inayokwenda saa nane usiku itaandikwa 20:00 ya jana. Kila kitu kinachofanyika kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi kitabeba tarehe ya siku iliyopita, na mwisho wa mwezi hesabu zitaangukia mwezi usio wake.

Andika `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha `timedatectl` peke yake uhakikishe. Dodoma ni makao makuu, sawa, lakini orodha ile huchukua jina la mji mkubwa kwa watu.

Msimamizi wa maabara ya kompyuta, chuo kimoja hapa mjini: *Wanafunzi hawawezi kuingia kwenye domeni tangu asubuhi. Ujumbe unasema saa hazilingani, lakini ukitazama kwa macho saa za kompyuta zote na ya seva ni zilezile.*

Macho yanakudanganya. Kerberos, mlinzi wa mlango wa domeni (mtandao wenu wa chuo ambao akaunti zote zinasimamiwa na seva), haangalii saa iliyo kwenye kioo; analinganisha UTC, na kwa kawaida anavumilia tofauti ya dakika 5 tu. Ukanda wa saa ukikosewa peke yake, watu bado wangeingia. Nadhani mmoja wenu aliikuta seva iko nyuma saa moja akaisogeza mbele kwa mkono, bila kugusa ukanda. Kioo kikapendeza, UTC ikaharibika kwa saa nzima. Weka ukanda sahihi kwanza, halafu iache seva ichukue saa kwenye intaneti. Ikigoma, angalia kama fayawoli, ulinzi wa mtandao wenu, imefunga mlango wa UDP namba 123, ambao saa ya intaneti hupitia.

Muuza vifaa vya shamba, Mpwapwa: *Umeme ukikatika na kurudi, seva inarudi mwaka 2016 na tovuti zote zinakataa kufunguka.*

Hiyo haihusiani na majira. Betri ndogo ya bapa kwenye ubao mama imekufa, mara nyingi ni CR2032, inapatikana hata kwa mafundi saa. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama, kwa mwaka 2016, bado havijazaliwa. Badilisha betri, na UPS nayo usiisahau.

Mtengeneza mifumo, Singida: *Seva yetu tumekodi Uingereza. Kazi ya kukata ada ya mwezi imepangwa 01:30 usiku. Jumapili ile wanachama wamekatwa mara mbili. Na je, kuna haja ya kuapdeti habari za kanda za saa wakati sisi hatusogezi?*

Rudisheni hela za watu kwanza, halafu tuongee.

Usiku ule, London ilipofika 02:00 ilirudi 01:00. Kwa hiyo 01:30 ilikuja mara mbili, na kazi yenu ikaitika mara zote mbili. Machi itakuwa kinyume: saa itaruka kutoka 01:00 hadi 02:00, 01:30 haitakuwepo, na ada haitakatwa kabisa. Baadhi ya matoleo ya cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, yanajua kulikwepa shimo hili, mengine hayajui, na mimi siwekezi hela ya wanachama kwenye bahati. Iwekeni seva kwenye UTC, tunzeni kila muamala kwa UTC, na mbadilishe kuwa saa zetu pale tu mtu anaposoma. Saa 7:30 usiku ya Singida ni 22:30 UTC, mwaka mzima. PHP, Java na databesi huwa na setingi zao za saa, kagueni kila mmoja peke yake. Na programu ya kukata ada iulize kwanza kama mwezi huu imeshakata. Hiyo ingewaokoa hata bila kujua saa.

Huku kwetu kusogeza saa hakuna maana: Dodoma iko kama nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja. London mchana wa Juni unapita saa 16, wa Desemba haufiki 8. Lakini serikali za wengine hubadili mawazo. Misri ilirudisha kusogeza saa mwaka 2023, na seva ambazo hazikupata apdeti ziliendelea kuhesabu kizamani. Mkiwa na mteja Cairo, apdeti haraka. Wateja wenu wote wakiwa Manyoni na Kondoa, apdeti kwa ajili ya usalama, ila kwa upande wa saa mnaweza kulala.