Mjane, kihamba na shemeji

Dada, umeuliza harakati za haki za wanawake zimesaidia nini ikiwa wajane wa Kibosho na Marangu, Kilimanjaro, bado wanatolewa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Kwenye umiliki zimesaidia kweli: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, wanawake 3. Zimekwama kwenye mirathi.

Tatizo huanzia kikao cha ukoo. Shemeji anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, mjane anasaini muhtasari bila kuusoma (mara nyingi matanga hayajaanuliwa!), kisha shemeji anajiona mwenye mali. Si mwenye mali. Usimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa, basi. Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe na Mahakama ya Mwanzo lazima apeleke Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, na baadaye, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, Na. 6, hesabu ya mirathi. Mjane aombe kuliona jalada la mirathi mahakamani. Fomu hazimo, au migomba na nyumba havikuorodheshwa? Aombe uteuzi utenguliwe. Akikataliwa, ana siku 30 tu za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.