Asubuhi wanaimba amani, mapumziko wanapigana

SWALI: Shikamoo Maalim. Nafundisha Gredi ya 5 katika shule moja ya Kisauni, Mombasa, yenye watoto kuanzia PP1 (chekechea) hadi Gredi ya 9. Mwalimu mkuu amenikabidhi kazi ya kufundisha amani shule nzima. Tuna nyimbo na mashairi kwenye paredi ya Jumatatu, na mabango hadi kwenye kuta za vyoo. Watoto wanakariri vizuri sana, lakini kengele ya mapumziko ikilia tu wanarushiana ngumi kwenye foleni ya mfereji. Juzi wavulana wawili wa darasa langu walipigana kwa sababu mmoja humwiga mwenzake anavyotamka Kiswahili, ati ni "mtu wa bara", si wa Pwani. Niliwaamuru waombane msamaha na kupeana mikono mbele ya darasa. Kesho yake wakapigana tena njiani wakienda nyumbani. Nifundisheje, na mtoto wa kila umri anaweza kubeba kiasi gani? – Mwalimu, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hao wawili, maana ndio wanaokuumiza kichwa leo.

Mkono ule waliopeana ulikuwa wa kukuridhisha wewe. Aliyeigwa amebaki na fedheha yake, na juu yake akaongezwa nyingine: kusimama mbele ya wenzake amwombe radhi yule yule aliyemcheka. Aliyeiga naye hakuulizwa lolote. Alichojifunza ni kwamba ukishatamka "samahani" mwalimu anakuachilia, basi. Hapo suluhu haijaanza hata kidogo, na ndiyo sababu ugomvi ulihamia njiani.

Wakipigana tena, kwanza watenge. Mtu aliyepandwa na hasira moyo wamdunda na maneno hayamwingii, hata ukimsomea wasia wa babake. Mimi huwapa kama dakika 20, na kila mmoja nampa kazi ya mikono: huyu afute ubao, yule akateke maji. Kisha kaeni watatu mahali patulivu. Usiwapeleke ofisi ya walimu, kwa kuwa kila mwalimu anayepita atatupia neno lake, wala usikae nao mbele ya darasa.

Aliyeumia zaidi aanze kusema, na asikatizwe. Maswali yako yawe manne tu. Kilitokea nini? Wakati ule ulikuwa unafikiria nini? Nani ameumia, na ameumia vipi? Kifanyike nini mambo yatengenee? Angalia kwamba "kwa nini ulifanya hivyo?" haimo. Ukiuliza kwa nini, mtoto hujitetea, na utetezi wa mtoto ni mmoja dunia nzima: yeye ndiye aliyeanza.

Sasa ipo hatua ambayo walimu wengi huiruka kwa kuona ni mchezo wa kitoto. Kabla ya mmoja kumjibu mwenzake, arudie alichosikia mpaka mwenzake akubali: "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliipendekeza kanuni hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa watu wazima waliokuwa wakibishana. Ukiiona nyepesi, ijaribu nyumbani siku mnayogombana na mume kuhusu pesa. Kwa wavulana wako, yule muigaji atalazimika kutamka kwa kinywa chake kitu kama hiki: "Amesema nikimwiga na watu wakicheka, hataki tena kusoma kwa sauti darasani." Mara nyingi hapo ndipo uso wa mtoto hubadilika, na ule msamaha uliokuwa ukiulazimisha huja wenyewe. Usipokuja, usiudai.

Mkataba wao uwe kitendo kidogo kinachoonekana. "Tutapendana" haisaidii. "Sitamwiga, nikisahau akiniambia acha, nitaacha" ndiyo ya kuandika. Baada ya wiki moja waite tena uwaulize imekuwaje.

Lakini kabla ya kuwakalisha hivyo, jiulize kama huu ni ugomvi au ni uonevu. Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu shuleni huko Skandinavia katika miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizolingana. Kama darasa zima humcheka mtoto huyo mmoja kila akifungua mdomo, wale hawako sawa, na kuwaweka mezani kama washindani wawili ni kumwongezea aliyeonewa mzigo wa kuelewana na anayemwonea. Mlinde kwanza. Zungumza na muigaji peke yake, halafu na wale wanaocheka, maana uonevu huishi kwa watazamaji. Na pakiwa na kisu, jeraha, au lolote la kumdhalilisha mtoto kijinsia, hapana usuluhishi hapo. Ni kwa mwalimu mkuu na afisa wa watoto siku hiyo hiyo. Nambari 116 ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto hupigwa bure.

Sasa suala la umri. Nyimbo zako si mbaya, ila hakuna aliyejua kuogelea kwa kuimbiwa ufuoni. Watoto wa Gredi ya 5 wanajua vizuri sana kwamba kupigana ni kubaya. Wanachokosa ni maneno ya kutumia wakati hasira imeshapanda, na maneno hayo hupatikana kwa kuyafanyia mazoezi siku ambayo hakuna aliyekasirika.

Kwa wadogo wa PP1 na PP2, kumbuka akili yao bado inajengwa. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha jaribio ambalo unaweza kulifanya kwa mabuyu. Ali ameweka mabuyu kabatini, akatoka kucheza. Mama akayahamishia jikoni. Ali akirudi, atayatafuta wapi? Mtoto wa miaka 3 kwa kawaida atakuambia jikoni, kwa kuwa yeye mwenyewe anajua yako jikoni, na bado hashiki kwamba Ali anaweza kujua tofauti. Kati ya miaka 4 na 5 wengi huanza kupata jibu. Kwa hiyo "hebu fikiria mwenzako anaonaje" ni swali zito mno kwa baadhi yao. Wape majina ya hisia (hasira, huzuni, woga, wivu, aibu), wafundishe kuusoma uso, na wape sentensi fupi za kushika: "Nipe ukimaliza." "Sipendi, acha."

Kuna mpango ulioanzishwa na Mary Gordon huko Toronto mwaka 1996 ambao naupenda kwa sababu hauhitaji vifaa. Mama huja darasani na mtoto wake mchanga kila baada ya wiki kadhaa kwa mwaka mzima wa shule, watoto wakamtazama anavyokua. Analia kwa nini? Anataka nini? Tumejuaje, naye hasemi? Sidhani utamkosa mzazi mmoja Kisauni mwenye mtoto wa mgongoni na nusu saa ya kukupa. Unaweza kwenda nao hivyo hadi Gredi ya 3.

Darasa lako la Gredi ya 5 liko kwenye umri mzuri kuliko yote. Wafundishe sentensi ya hatua nne aliyoisambaza mwanasaikolojia wa Marekani, Marshall Rosenberg: nilichoona, ninavyohisi, ninachohitaji, ninachoomba. "Umechukua rula yangu bila kuniuliza. Nimekasirika, kwa sababu naihitaji nimalize mchoro. Naomba uniulize kwanza." Wazoeze wawili wawili, kwa mambo madogo, dakika tano kabla ya kwenda nyumbani. Jihadhari na ujanja mmoja tu: "nahisi wewe ni mwizi" si hisia, ni tusi lililovaa kanzu.

Ila dawa ya "mtu wa bara" si sentensi. Hiyo inatibiwa na jinsi unavyowapangia kazi. Mwaka 1971 shule za mji wa Austin, Texas, zilikuwa zimetoka tu kuwachanganya watoto weupe, weusi na wale wenye asili ya Mexico, na madarasa yakawa hayakaliki. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walipoitwa kusaidia, hawakuhubiri umoja. Walichotazama ni namna masomo yalivyoendeshwa: mwalimu anauliza, watoto wananyoosha mikono, na mmoja akikosea wengine wanafurahi kwa kuwa nafasi yao imefika. Wakaigeuza kazi yenyewe, kila mtoto akashika kipande cha somo ambacho wenzake hawana.

Lifanye hivi katika somo la jamii. Pwani ina kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta. Gawa darasa katika vikundi vya watoto sita na umpe kila mmoja kaunti yake na karatasi yake. Hakikisha wewe ndiye unayepanga vikundi. Ukiwaachia, marafiki watakaa na marafiki. Kisha wote wenye Lamu wakutane pamoja waisome Lamu mpaka waielewe, wenye Taita-Taveta vivyo hivyo. Halafu kila mmoja arudi kwenye kikundi chake awafundishe watano waliobaki, na mtihani uhusu kaunti zote sita. Sasa yule wanayemwiga ndiye mwenye Tana River. Wakimcheka akanyamaza, alama zimepotea. Siku za kwanza watamcheka vivyo hivyo, wala usishtuke. Pita polepole uwakumbushe kwamba mtihani uko Ijumaa, na baada ya muda utawasikia wakimuuliza maswali ya kumsaidia atoe alichonacho. Sharti lifanywe mara kwa mara, walau vipindi viwili kwa wiki, muhula mzima. Mara moja haitibu kitu.

Usisubiri kupewa kipindi kipya kwa haya yote. Mtaala wa umilisi umeshaitaja amani, pamoja na upendo, heshima na umoja, kati ya maadili yake, na mawasiliano na ushirikiano kati ya umilisi wa kimsingi. Una ruhusa ya kulipitisha hilo ndani ya Kiswahili, sayansi, hata hesabu.

Wakubwa wa Gredi ya 7 hadi 9 tayari wanaweza kujiweka nafasi ya mwenzao, na hapa pana jambo la kitaalamu ambalo si wengi hulizingatia. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake walilinganisha maagizo mawili kwa watu waliosikiliza habari za mtu mwenye shida. Waliowaza jinsi yule mtu anavyohisi walipata huruma. Waliowaza jinsi ambavyo wao wenyewe wangehisi walipata huruma pia, lakini ikachanganyika na dhiki yao binafsi, na mtu mwenye dhiki hutafuta kujinusuru kwanza. Basi badala ya "ungekuwa wewe ungehisije?", uliza "unadhani yeye anahisije, na umejuaje?" Kisha awe radhi kwenda kumuuliza mwenyewe, maana kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Hawa ndio unaoweza kuwafanya wasuluhishi wa wenzao. Usiwachukue viranja. Kiranja ndiye anayeandika majina ya wapiga kelele, na huwezi kuwa mwandika majina asubuhi na msuluhishi saa nne. Waulize wanafunzi kwa kura ya siri wangemwendea nani wakiwa na tatizo, na usishangae jina la mtukutu mmoja likitokea. Mchukue, atasikizwa kuliko wale wapole. Wafanye kazi wawili wawili, msichana na mvulana ikiwezekana, kwa maswali yale yale manne. Wafahamu kwamba hawahukumu, hawaadhibu, na mambo mazito huyaleta kwako.

Siasa na ukabila ni kwa hao wakubwa tu, na kwa uangalifu. Likoni, hapo Mombasa, ilivamiwa Agosti 1997 na makundi yaliyowalenga watu wa bara, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Darasani mwako huenda yuko mtoto ambaye nyumba yao ilichomwa kabla hajazaliwa na bado inazungumzwa mezani. Usiwaigizishe mambo hayo, wala usimfanye mtoto yeyote msemaji wa kabila lake.

Kuhusu kiboko nitasema kidogo kwa sababu hukuniuliza. Kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Kama bado kiko juu ya kabati la ofisi yenu, watoto wanakiona wakipita kwenda kukuimbia amani.

Mwisho, fuata ugomvi unakoenda. Hao wavulana walipigana njiani, na yumkini wengi wa darasa lako hukutana tena jioni chuoni, yaani madrasa. Nenda umwone ustadh wao, umwonyeshe maswali manne ili mtoto aulizwe jambo moja pande zote mbili. Wazazi nao watakuambia wamemfunza mtoto "akikupiga, mrudishie." Usibishane nao, wanaogopa mtoto wao asije akawa wa kupigwa kila siku, na hofu hiyo ni ya haki. Waambie hatua ya kwanza ni "acha", ya pili ni kuondoka, ya tatu ni kumwita mtu mzima, kisha waulize huyo mtu mzima atakuwa nani baina ya geti la shule na mlango wa nyumbani. Muuza viazi karai aliye kwenye kona ile anawajua wote kwa majina. Anza na yeye.