Barua kwa mwanangu: Vipande ni vya mwenye kitambaa

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi sijambo, goti ndilo linanisumbua mvua ikinyesha, hofu na mashaka ni juu yenu huko Bagamoyo.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umepanga chumba karibu na stendi, jina la biashara umesajili kwa msajili wa biashara, BRELA, leseni umekata, na huu unaingia mwezi wa tatu una wateja wanne tu wa kuwatunzia hesabu. Wengine wanachungulia mlangoni, wanauliza una muda gani kwenye kazi, wanakwenda zao. Ukaniuliza: "Mama, kwani wewe ulifanyaje hata watu wakakuamini? Niongeze ukubwa wa kibao? Nimlipe yule kijana wa matangazo?" Na mwishoni, harakaharaka kama mtu anayepita mbele ya wazee, ukagusia kwamba rafiki zako wawili wamejitolea kuandika kwenye ukurasa wako kuwa uliwafanyia kazi na ukawaokolea fedha, ilhali hujapata kushika hata risiti yao moja.

Kibao weka. Sina ugomvi na kibao. Bibi yako alikuwa hachoki kusema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nimeshona miaka arobaini bila kuukubali msemo huo wote. Chema kikikaa gizani nani atakiona? Mimi mwenyewe cherehani niliitoa chumbani nikaiweka barazani, barabara ya kumi na mbili, watu wapite wanione nikikanyaga. Basi kibao weka, leseni itundike pale mtu anapoingia, na cheti chako cha uhasibu cha ATEC kitie fremu, maana najua kilivyokutoa jasho, lile somo ulilolirudia mara mbili nikikusikia usiku unazungumza na tarakimu peke yako. Ila kiandikwe kama kilivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba NBAA, hiyo bodi ya wahasibu, ina ngazi zake, na aliyemaliza ATEC bado si CPA, mhasibu wa ngazi ya juu. Kibao kisipande ngazi ambayo miguu yako haijapanda.

Lakini hayo siyo yaliyonikalisha chini na daftari. Nataka nikwambie habari ya gauni la buluu.

Unalijua. Ni lile la kwenye picha iliyoko ukutani kwa shangazi yako Chumbageni, wewe una miaka sita, meno ya mbele huna, umesimama kama askari. Umeniuliza mara nyingi lilikwenda wapi, nami kila mara nimekwambia lilikubana. Halikukubana, mwanangu. Ulilivaa siku moja tu.

Ilikuwa Ramadhani ya 1995, Idi ya mfungo mosi ikaangukia mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Mwaka ule wa nyumba yetu hata kama huukumbuki umeusikia ukisimuliwa. Viwanda vya Tanga vilikuwa vinafunga milango kimoja baada ya kingine, baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa ameshapunguzwa kazini, na cherehani ndiyo iliyokuwa jiko letu. Akaja mama mmoja. Jina silitaji, ameshatangulia mbele ya haki na wanawe wapo. Alinijia na yadi saba za kitambaa alicholetewa na kaka yake kutoka Maskati. Buluu ya bahari saa tisa ya mchana, maua meupe madogo kama asumini, na kwenye ukingo umepita uzi mwembamba wa dhahabu urefu wote. Kitambaa kile hakikuwa na mwenzake Tanga nzima, maduka yote ya vitambaa nilikuwa nayajua. Alitaka gauni lake na magauni ya mabinti zake wawili.

Nikakitandika juu ya mkeka, nikakikunja kwa urefu, nikaanza kupanga. Fundi anayejua kupanga huugeuza mkono mmoja wa gauni kichwa chini ukalala ubavuni mwa mwenzake, kola akaitoa pale shingo ilipokatwa, akaokoa robo yadi hapa na robo yadi pale. Maua yasiyoelekea upande mmoja yanakuruhusu. Nilikata usiku ule kama sijapata kukata maishani mwangu. Nilipomaliza ikabaki yadi moja na robo, kipande kizima.

Nilikitazama kipande kile mpaka wakati wa daku. Nikajiambia, nimekiokoa mimi kwa akili yangu, fundi mwingine angezimaliza yadi zote saba na mwenyewe asingeuliza. Basi ni changu, ni jasho langu. Na mtoto hana nguo ya Idi. Hesabu hiyo niliipiga mara kumi, na kila mara ilitoka sawa.

Nikakushonea. Marinda kiunoni, mikono ya puto, na utepe wa kufunga mgongoni. Ule uzi wa dhahabu sikuwa na moyo wa kuukata, nikauacha uzunguke kwenye pindo.

Jioni ya Idi tukatoka na baba yako, na pale karibu na viwanja vya Tangamano ukamwona yule mama na wanawe, wote watatu wamevaa. Ukakimbia kumwamkia kama nilivyokulea. "Shikamoo, mama mkubwa." Akaitikia marahaba. Kisha akainama, akalishika pindo la gauni lako, akalipitisha polepole kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, mpaka akafika kwenye uzi wa dhahabu. Akakuuliza, nani kakushonea? Nawe ukasema kwa sauti, kwa fahari, "Mama yangu!" Akafungua mkoba akakupa sikukuu yako. Mimi akanipa mkono, tukatakiana Idi njema, akaenda na wanawe.

Angenitukana pale pale ningepona mapema.

Mji wetu wanausema waja leo, waondoka leo. Watu, sawa. Lakini neno likishaingia mtaani kwetu Ngamiani haliondoki. Ramadhani ile daftari langu lilikuwa na oda 23. Idi ya mfungo tatu, mwezi wa tano, zilikuwa 5, na 2 kati ya hizo za ndugu. Sikusikia mtu amesema lolote. Watu walipita barazani, wakaniamkia kwa adabu, wakaendelea na vifurushi vyao vya vitambaa kwapani.

Bibi yako ndiye aliyevunja kimya. Aliniuliza tu, "Umekula nini cha watu?" Nikamwambia. Hakunigombeza. Alilifua gauni, akalipiga pasi ya mkaa, akaliweka mlangoni juu ya viatu vyangu. Basi ningekwenda wapi kwingine?

Yule mama alinikaribisha ndani, akaniletea maji. Nikamwekea gauni mapajani na kila kijipande nilichokuwa nacho cha kitambaa kile, hata vya ukubwa wa kiganja. Vipande akavipokea, akavikunja. Gauni akanirudishia. Akasema, "Nguo ya mtoto haivuliwi. Lakini fundi, ungeniomba ningekupa."

Ungeniomba ningekupa. Miaka thelathini sasa, na cherehani ikishika mwendo nayasikia maneno yale kwenye kanyagio.

Kuanzia hapo ndipo lilipoanza neno langu ambalo wewe na wadogo zako mmelisikia mpaka mkalichoka: vipande ni vya mwenye kitambaa. Kila nguo iliyotoka kwangu ilitoka na vipande vyake, vimekunjwa ndani ya gazeti, vimefungwa kwa uzi ule ule niliotumia kushonea, na kwa kalamu nimeandika ulileta yadi ngapi, imetumika ngapi, imebaki ngapi. Hata kilichofaa kufunikia kifungo tu, nilikifunga. Wengine walicheka. Mwaka mzima hali ilikuwa ngumu vile vile, usidhani mambo yalinyooka. Halafu akaja mwalimu mmoja wa chekechea, hatujuani, akasema anamtafuta fundi wa vipande. Ndivyo alivyosema, fundi wa vipande! Alikuwa na jora zima la sare za watoto 60, na alitaka mabaki yarudi ili wazazi wapate viraka vya rangi ile ile nguo zikichanika magotini. Siku ile niliimba nikikata. Muulize shangazi yako, alikuwepo.

Ila hapa nafsi yangu inanibishia, na haki nikwambie. Fundi wa mtaa wa pili alikuwa harudishi hata uzi na mlango wake ulijaa watu. Huenda mimi nilirudiwa kwa sababu nikisema Alhamisi, Alhamisi unakuta nguo yako imepigwa pasi. Huenda ni bei. Nimelipima jambo hili miaka mingi na nimefika hapa: mteja hajui kukata. Mkato wangu hauoni mpaka avae, na hata akivaa ataona tu kwamba nguo imemkaa. Lakini kipande anakijua. Anakishika, anakipima kwa mkono wake, anakumbuka alinunua yadi ngapi. Kwa kile anachokijua ndipo anakisia kile asichokijua.

Na wateja wako ndivyo walivyo. Yule muuza dagaa hajui ritani ya kodi inajazwaje, hawezi kusema kama hesabu zake umezipanga vizuri au vibaya. Anachojua ni kile alichokukabidhi. Akikupa shilingi 300,000 ya kodi ya makadirio ya mwezi wa tatu, na namba ya malipo ikatoka 280,000, ile 20,000 ndiyo kipande chako. Mrudishie siku ile ile, na risiti ya malipo juu yake, kabla hajauliza. Risiti zake za mashine ya EFD ukishamaliza kuzinakili zirudi kwake zimepangwa mwezi kwa mwezi, zisirudi zimesokotwa ndani ya mfuko. Neno lake la siri la kuingilia mtandao wa mamlaka ya kodi, TRA, ni mali yake, siku akihamia kwa mwingine aondoke nalo bila kukubembeleza. Na ukiona kazi imezidi makubaliano, muombe nyongeza, waziwazi, mbele ya uso wake. Atakupa au hatakupa. Usijikatie mwenyewe usiku ukipiga hesabu inayotoka sawa kila mara.

Wanne si haba. Yule mwenye nyumba ya wageni uliyeniambia ulimwokoa na faini ya kuchelewesha ritani, umemuomba aandike maneno mawili kwenye huo ukurasa wako? Nadhani hujamuomba. Unaona haya. Unaona haya kumuomba uliyemfanyia kazi, lakini huoni haya kupokea kwa hao ambao hujawafanyia.

Nilikuwa nimeandika neno hapa juu ya hao rafiki zako wawili, nikalikata, utaliona nilivyolikwaruza. Wewe ni mtu mzima, ofisi ni yako, kodi ya chumba unalipa wewe. Mimi ukurasa siujui unavyokwenda. Huenda ndivyo wafanyavyo wote siku hizi, huenda na wateja wenyewe wanajua na hawajali. Sisemi usifanye. Mara mbili nimeshika kalamu niseme na mara mbili nimeiweka chini. Nasema tu kwamba maneno yale yatakuwa na uzi wa dhahabu kwenye pindo, na Bagamoyo si mji mkubwa kuliko Tanga.

Mdogo wako anakuja Alhamisi na basi la Dar, atashuka Msata achukue gari la huko kwenu. Amebeba barua hii na machungwa ya Muheza, yaliyo chini ni mabivu zaidi, anzeni nayo.

Gauni lipo. Sikuligawa wala sikulitupa, liko chini ya sanduku, limefungwa ndani ya kanga ya bibi yako. Jana nililitoa nikalianika kivulini, na uzi haujafifia. Mjukuu wangu anatimiza miaka sita mwezi ujao, lingemkaa vizuri sana. Silileti. Ukija utaliona, na ukiamua alivae mimi sitasema neno.

Lakini nguo yake ya Idi hii namshonea mpya, kitambaa nimekwenda kukinunua mwenyewe, yadi mbili na nusu, cha manjano. Nitumie vipimo: kifua, kiuno, bega mpaka goti, na mzunguko wa mkono juu ya kiwiko. Mpime kwa utepe, usimpime kwa kamba, na umwambie asivute tumbo ndani.

Mama yako